Nilimwacha Mtoto Aombe Baba Yake Aje, Nikijua Ameshazikwa

Nilimfundisha mtoto wa miaka minane kumwomba Mungu amlete baba yake. Kisha baba akafa, nikaambiwa, nikanyamaza, na mtoto nikamwacha aendelee kuomba. Siku kumi na nane! Nalisema hili mapema ili asitokee mtu akanionea huruma kabla hajasikia yote.

Jina langu sitalitaja. Mtoto nitamwita Riziki, ingawa si jina lake. Mimi ni Mtanzania, mwalimu wa chekechea kwa kusomea, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Toronto. Cheti changu cha ualimu kimelala ndani ya bahasha juu ya kabati. Huku nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mtaa wa Weston. Nawaogesha, nawalisha, nabadilisha mashuka. Ni kazi halali na siionei aibu. Lakini leo nimeamua kusema kweli: siku sita za juma nilikuwa mtu wa kuitwa kwa kengele. Jumapili ndipo nilipokuwa mtu mwenye jina.

Kanisa letu ni dogo, tunakodi ukumbi Mount Dennis, nyuma ya gereji ya magari. Waumini wengi ni Wakongo na Warundi, na sisi Watanzania wachache tumo humo humo. Nilipofika nilikuta watoto wanakaa nyuma wakichezea simu za mama zao mpaka ibada iishe. Nikamwendea mchungaji, nikamwambia, "Nipe kile chumba cha viti vibovu." Akanipa. Nikakifagia, nikapaka rangi ukuta mmoja, nikaomba karatasi na kalamu za rangi kwa kila niliyemjua.

Na niliiweza kazi ile jamani! Hilo nalo ni kweli, na ndilo linaloniuma zaidi. Badala ya kukaririsha watoto sala za wakubwa, niliwafundisha kuchora maombi yao wenyewe. Tulitunga nyimbo zetu. Tulishona vikaragosi vya soksi, vikawa vinasimulia habari za Mungu kwa sauti za kuchekesha. Watoto ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, wakaanza kusimama mbele ya watu na kusoma Kiswahili bila kuona haya. Mama mmoja alinikumbatia mlangoni akilia, eti mwanawe amempigia bibi yake Uvira na kumwimbia wimbo tulioutunga.

Wakaniita Mama Mwalimu. Ukumbi mzima! Kichwa kikavimba.

Riziki alikuja na mama yake wakitokea kambi ya wakimbizi huko Uganda. Wao ni watu wa Kongo ya mashariki, lakini mtoto alizaliwa hapo kambini. Baba alikuwa seremala, anatengeneza viti. Yeye alibaki. Karatasi zake zilikuwa na kosa kwenye jina, wakaambiwa mama na mtoto watangulie, baba atafuata. Walikuwa wamengoja miaka miwili.

Miezi ya mwanzo mtoto hakusema neno darasani. Alikaa pembeni na koti lake, zipu imefungwa mpaka kidevuni. Sikumlazimisha. Nilikuwa namwekea karatasi na kalamu tu, naondoka.

Jumapili moja akachora. Mwanamume mrefu, kichwa kimegusa juu kabisa ya karatasi, mikono mikubwa. Lakini hana miguu.

"Huyu ni nani?"

"Papa wangu," akanijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo.

"Mbona hana miguu?"

"Sikumbuki viatu vyake."

Nilitakiwa kumkumbatia nikaishia hapo. Mimi nikamwambia, "Basi tumwombe Mungu amlete, halafu utaviona hivyo viatu." Macho yake yakawaka. Akauliza atakuja lini. Nikasema, "Ukiomba kwa imani, bila kuacha hata siku moja, atakuja."

Hakuna aliyenituma kusema vile! Nilijitungia ahadi, nikaitia sahihi ya Mungu.

Tangu siku hiyo mtoto akafunguka. Aliimba, alichora, alicheka na wenzake. Kila mwisho wa darasa nilimwita mbele akaomba kwa sauti, "Mungu, mlete papa," na watoto wote wakaitikia amina. Nilikuwa namtolea mfano kwa wazazi. Tazameni imani ya mtoto!

Ilipokaribia Siku ya Watoto, mwishoni mwa Machi, mchungaji alinieleza kwamba atawaalika watu wa makanisa mengine, wengine mpaka wa Hamilton. Akaniambia niandae kitu cha kuwaonyesha. Nikaandika igizo. Msichana anaishi mbali na baba yake. Anaomba kila siku. Wenzake wanamcheka, yeye hachoki. Mwisho mlango unagongwa. Baba!

Ndiyo. Nilichukua maisha ya mtoto yule nikayafanya igizo langu, na nikampa yeye mwenyewe nafasi ya msichana. Alifurahi mpaka akaruka. Tulipata boksi la friji, tukalikata mlango, akaupaka rangi ya bluu peke yake jioni mbili, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

Zikiwa zimebaki siku kumi na tisa, siku ya Jumanne, Mama Riziki alipigiwa simu akiwa kiwandani, saa ya mapumziko. Jirani wa kambini. Mumewe alishikwa na homa kali, siku mbili tu, akafa. Walikuwa wameshamzika.

Jumatano mchana alikuja kwangu. Hakuweza kuvua koti, nilimvua mimi. Alikaa kwenye kochi langu akitikisika kama mtu mwenye baridi, na chumba kina joto. Huku Toronto alikuwa amewaambia watu wawili tu: mchungaji, na mama mmoja mzee jirani yake ambaye sote tunamwita Koko, yaani bibi.

"Mama Mwalimu," akasema, "mimi siwezi kumwambia mutoto. Nikifungua kinywa nitaanguka. Nilimwacha papa yake kule. Ni mimi nilisema tutangulie. Mutoto ataniuliza kwa nini tulimwacha, nitamujibu nini?"

Nikamshika mikono. Nikasema, "Niachie mimi. Nimesomea watoto. Nitamwambia mwenyewe, taratibu, kwa njia ambayo hataumia sana."

"Yeye anakusikilizaka wewe," akasema. "Aksanti. Aksanti, mama."

Nikamwomba pia asitangaze msiba kanisani kwanza, mtoto asije akasikia kwa watu. Akakubali. Mnaelewa maana yake? Mkongo akifiwa, nyumba inajaa. Watu wanakaa naye, wanapika, wanalia naye, wanaimba. Yule mama nilimnyima hata hayo. Alikwenda kiwandani asubuhi yake kama kawaida, akafungasha mikate na mume wake yuko kaburini.

Jumapili ikafika. Nilikuwa nimepanga kumchukua Riziki pembeni kabla ya darasa. Wallahi nilikuwa nimepanga! Nikamkuta ameshafika, anawafundisha wenzake jinsi ya kupiga magoti kwenye onyesho la pili. Amejiamini, amechangamka, mikono kiunoni, anaiga sauti yangu. Nikamtazama nikawaza: nikimwambia leo, igizo limekufa. Nani mwingine atashika maneno yote yale kwa majuma mawili? Wageni wameshaalikwa.

Sitasema niliogopa kumuumiza. Kwa muda mrefu nilijidanganya hivyo. Hofu ilikuwepo, lakini kilichonifunga mdomo ni lile igizo.

Nikasema nitamwambia baada ya darasa. Darasa likaisha, na kwa mazoea watoto wakakaa duara wakisubiri ombi la mwisho. Riziki akasimama mwenyewe, akafumba macho. "Mungu, mlete papa."

Watoto wakasema amina. Na mimi nikasema amina.

Mungu wangu! Sauti yangu mwenyewe niliisikia. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa.

Jioni ile Mama Riziki alinipigia simu. "Umemwambia?" akauliza kwa kunong'ona.

Nikajibu, "Nimemwambia."

"Amesema nini?"

"Amelia kidogo. Amepokea vizuri. Usimsemeshe habari hiyo kwanza, mwache aje mwenyewe akiwa tayari."

Neno lilitoka kinywani laini, kama mtu anayesoma kitabu. Nilijiambia ni uongo wa siku chache, Siku ya Watoto ikipita nitarekebisha. Na aliposhangaa kwamba mtoto bado anataka kuigiza, tena igizo la baba anayerudi, nikamweleza kwamba kuchora na kuigiza ni dawa ya huzuni kwa watoto, nimejifunza hivyo chuoni. Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi si Mama Mwalimu?

Sasa fikirieni nyumba ile. Mama anaamini mtoto anajua. Mtoto hajui. Mtoto anaimba bafuni, anachora baba na sanduku la safari, anaubandika mchoro kwenye friji. Mama anautazama mchoro, hathubutu kuuliza, kwa sababu mwalimu amemkataza. Baadaye alinieleza kwamba siku moja Riziki alicheka sana akitazama televisheni, naye akashindwa kujizuia, akamzaba kibao. "Wewe huna roho?" alimwambia. Mtoto hakujua amekosa nini.

Kibao kile ni changu. Mimi ndiye niliyempiga.

Jumamosi ya mazoezi Riziki alinijia akiwa na wasiwasi. Baba yake alikuwa na kawaida ya kutuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya mama kila mwisho wa juma. "Papa hajatuma," akasema. "Mara mbili sasa."

Nikasema, "Labda simu yake imeharibika."

Uongo mwingine! Na ulipokelewa kwa furaha. Akashusha pumzi, akarudi kwenye mlango wake wa bluu.

Mchungaji naye aliniuliza kwenye korido, "Yule mtoto anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri, Mungu ni mwema. Nilitumia jina la Mungu kufunga mazungumzo kama mtu anavyofunga zipu.

Siku ya Watoto ikafika. Nje theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, watu wakaingia na mabuti yenye matope, ukumbi ukajaa mpaka vijana wakasimama ukutani. Riziki alivaa gauni la njano alilokatiwa kwenye kitenge cha mama yake. Mama alikaa mstari wa pili, kichwa chini, leso mdomoni.

Igizo lilikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Ilipofika mwisho, shemasi wetu mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa baba, akagonga ubao nyuma ya pazia. Ko, ko, ko. Riziki alitakiwa kusema, "Nani?" kisha akimbie.

Alichelewa kidogo. Akageuka pole pole, akautazama ule mlango wa boksi kwa sura ambayo sikumfundisha. Kisha akasema, "Nani?" akakimbilia mlangoni.

Watu walilia. Walipiga makofi wamesimama. Mgeni mmoja akanishika bega akisema hajawahi kuona watoto wa kanisani wakifanya kitu kama kile. Nami nilikuwa nawatazama watu. Nawaapia, sikumtazama mtoto. Nilikuwa nahesabu nyuso zinazolia.

Baadaye tukala. Wali, pondu, yaani kisamvu cha Kikongo, sambusa, watoto wanakimbizana kati ya viti. Riziki alikuwa amesimama karibu yangu na sahani yake, bado na gauni la njano. Koko akaja akijikokota na fimbo yake. Yeye alijua habari za msiba, na alijua kwamba mtoto ameshaambiwa, maana mama alimweleza hivyo. Akamwinamia, akamshika shavu.

"Mutoto yangu," akasema, "umefanya muzuri sana. Papa yako ameona hii yote. Ameona kutoka kule mbinguni."

Riziki akatabasamu kwanza. Akadhani ni maneno ya wazee. Kisha tabasamu likasimama.

"Mbinguni?" akauliza.

Koko akanitazama. Alielewa pale pale, nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika. Akasema kwa sauti ya chini, "Eh, Yesu wangu."

Mtoto akanigeukia. Siku zote mimi alinijibu kwa Kiingereza; Kiswahili, ukiacha maombi na nyimbo, alikiweka kwa ajili ya baba yake, ambaye Kiingereza hakukijua. Siku ile aliniuliza kwa Kiswahili.

"Mwalimu, papa amefanya nini?"

Sikuweza kusema. Hata hapo! Sahani mkononi, watu wanacheka huku na huku.

"Amekufa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wewe ulijua?"

Nikaitikia tena.

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu kabla ya ile Jumapili ya kufanya onyesho la pili," nikasema.

Nilimwona anahesabu. Ni mtoto anayependa hesabu. Alihesabu Jumapili, akahesabu Jumamosi za mazoezi, midomo inacheza. Kisha akaniuliza kitu ambacho nakisikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye basi, nikiwa nimemshika mzee wa watu mkono nampeleka bafuni.

"Sasa nilikuwa naombea nani?"

Hakulia. Aliweka sahani yake juu ya kiti, kwa uangalifu, asimwage. Akaenda kumtafuta mama yake katikati ya watu.

Sauti ya yule mama aliposikia, sitaielezea. Muziki ulizimwa. Ukumbi mzima ukajua mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba mtu amekufa na kwamba mwalimu alijua.

Siku tatu baadaye, adhuhuri, Mama Riziki alikuja kwangu. Safari hii hakukaa na hakutaka nimvue koti. Aliweka simu yake mezani.

"Sikia," akasema. "Mimi nilisikia jana. Sasa wewe pia."

Riziki alikuwa akiichukua simu mama akiwa jikoni, anamrekodia baba yake. Tangu siku ile nilipomwambia simu imeharibika. Zilikuwa jumbe kumi na moja, kila moja na tiki moja ya kijivu pembeni, maana simu ya kule ilikuwa imezimwa na haikuwashwa tena. Mama alizifungua moja baada ya nyingine.

"Papa, ni mimi. Simu yako imeharibika, mwalimu amesema. Ikipona utasikia hii."

"Papa, huku kungali baridi. Uje na koti. Kama huna, mama iko na moja kubwa, utavaa ile."

"Papa, mama amenipiga. Sijui kwa nini. Ukikuja utamuliza."

"Papa, leo nimeomba mara nne. Mwalimu anasema Mungu amesikia."

Nilimwomba azime. Nilipiga magoti nikamwomba azime! Hakuzima. Tulizisikiliza zote kumi na moja, na katika ile ya mwisho mtoto alikuwa akifanya mazoezi ya maneno ya igizo, ili baba yake asikilize kama ameyashika sawasawa.

Kisha mama akasema jambo la mwisho. "Unajua anasema nini sasa? Anasema ni kosa yake. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa siku mbili mwezi ule, hakuomba. Anasema ndiyo siku papa alikufa."

Bila kuacha hata siku moja. Maneno yangu! Nilimwambia mimi, nikiwa nimesimama karibu na mchoro usio na miguu.

Nikalia, nikasema niruhusu nije nimweleze, si kosa lake, nitamweleza.

"Hapana," akasema. "Wewe umeisha kusema mingi."

Akachukua simu yake akatoka.

Msiba ulikaliwa juma lile, na nyumba yao ikajaa kama ilivyotakiwa kujaa tangu mwanzo. Mimi sikwenda. Koko alinitumia neno nisikanyage. Baada ya mwezi mmoja walihama, wakaenda mji mwingine kwa ndugu.

Mchungaji hakunifukuza. Aliniambia nipumzike kwanza, kwa upole, huku akitazama meza. Nilirudisha funguo za kile chumba siku hiyo hiyo. Mpaka sasa nikikutana na wale watoto kwenye kituo cha basi wakaniita, "Mwalimu! Mwalimu!" najifanya nasoma simu. Ule mlango wa bluu shemasi aliuleta kwangu akidhani nautaka. Umesimama nyuma ya kabati, umekunjwa. Nimejaribu mara tatu kuupeleka kwenye takataka. Nafika nao mpaka kwenye lifti, narudi.

Kuomba kwa sauti siwezi tena. Watu wakifumba macho, mimi nasikia kengele za kazini kichwani, nasikia ile amina yangu.

Na kazini kuna bibi mmoja, Mreno, kumbukumbu zimemtoka. Mumewe alikufa zamani. Kila siku ananishika mkono na kuniuliza kama mumewe ameshatoka kazini. Tumefundishwa tusimbishie wala tusimuumize, tumwambie yuko njiani, halafu tumpe chai. Wenzangu wanalisema bila shida, na pengine kwa mgonjwa wa vile ndiyo huruma yenyewe. Mimi neno hilo silisemi. Namwambia, "Nieleze habari zake." Naye ananieleza, kila siku upya, jinsi alivyokuwa akipiga mluzi akipanda ngazi. Namsikiliza mpaka amalize. Ndilo ninaloweza.

Mwaka huu nilimwona Riziki. Ilikuwa kwenye harusi ya Wakongo, Hamilton. Ana miaka kumi na miwili, amerefuka, amevaa miwani. Mama yake aliniona kwanza. Nilidhani atanifukuza. Alinitazama, kisha akageuza uso upande wa pili, nami nikachukulia kwamba ameniruhusu.

Nikaenda pale alipokaa mtoto, nikapiga magoti na nguo yangu ya harusi, nikamwambia, "Riziki, nilikukosea. Nilijua, nikakuficha kwa sababu ya igizo langu. Na kufa kwa papa yako hakukuhusu maombi yako hata kidogo. Ulikuwa mgonjwa, ukalala, basi. Nisamehe."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba hakuna tatizo. Kwa ile sauti wanayotumia watoto wa huku wakitaka mtu mzima amalize mambo yake aondoke. Nikainuka, nikarudi kwenye meza yangu.

Kisha mshereheshaji akaomba tusimame tushukuru kwa ajili ya chakula. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa. Mimi sikufumba. Nikatazama kule. Mama yake alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Riziki alisimama kando yake, mikono nyuma, macho wazi, anautazama mshale wa saa ya ukutani. Alikuwa anasubiri watu wamalize.

Mtoto aliyekuwa akiomba mara nne kwa siku!

Jamani, nawasihi, ninyi mnaofundisha watoto wa watu, iwe kanisani, iwe madrasa, iwe shuleni. Mtoto anakuamini kuliko unavyostahili. Usimwahidi kitu ambacho hakiko mkononi mwako halafu ukasema ni Mungu aliyeahidi. Usichukue jeraha lake ukalipandisha jukwaani watu wakupigie makofi. Na ukibeba habari mbaya ya mtoto, mpelekee siku hiyo hiyo. Kaa naye sakafuni. Tumia neno lenyewe, amekufa, usilizungushe. Akiuliza maswali, jibu unalolijua, na usilolijua mwambie hujui. Atalia. Lia naye, uache kazi zote.

Na wewe mzazi, najua ni jambo zito. Lakini usimkabidhi mtu mwingine neno hilo, hata awe mzuri namna gani, hata awe na cheti. Simama naye mlitamke wote wawili mbele ya mtoto.

Kama kuna mtoto leo anayengoja jambo ambalo wewe unajua halitakuja, usimalizie hata kunisoma. Nenda ukamwambie. Nenda sasa hivi, kabla hajarudia kuomba.